Fifi Kwenye Kivuli

Msimu wa pamba ulipofika, asubuhi za darasa la sita zilikuwa za namna moja. Baada ya kukaguliwa kucha na kunywa uji, wanafunzi walitoa maturubai stoo, wakayatandaza nyuma ya darasa la pili, upande wenye kivuli cha ukuta. Hapo walikaa wawili wawili kuchagua pamba ya shamba la shule. Pamba nyeupe iliyochanua vizuri ilirundikwa karibu, kisha ikaingia kwenye gunia la safi. Pamba iliyogeuka njano kwa kuharibiwa na wadudu au kunyeshewa ikiwa shambani ilitupwa kwenye rundo la fifi. Kazi yenyewe si ngumu, ila inachosha macho, na vumbi lake huwasha pua vibaya sana.

Shule ilikuwa Mugeta, wilayani Bunda, na mwaka ulikuwa 1996. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini na mizani zao, kila mmoja akijisifu kumshinda mwenzake. Darasa la pili halikuwa na paa tangu upepo wa masika ulipong'oa mabati, na watoto wa darasa hilo walisomea kanisani, wakibanana kwenye mabenchi ya watu wazima. Mwalimu Stanislausi, aliyesimamia miradi ya shule, alikuwa amewaambia wanafunzi waziwazi kwamba pamba ikipokelewa kama safi, mabati yatanunuliwa. Ikipokelewa kama fifi, watoto wataendelea kusomea kanisani hadi mwakani.

Nyangi Burito alichagua pamoja na Eufrasia. Walikuwa marafiki tangu darasa la nne, mwaka ambao Eufrasia aliletwa kutoka Kibara kuja kukaa kwa shangazi yake. Mama yake alibaki huko ziwani akiuza dagaa. Eufrasia alikuwa mchangamfu, mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Nyangi alikuwa mpole, na kila kipande cha pamba alikigeuza pande zote kabla ya kuamua kiende wapi.

"Wewe unachaguaga pamba kama unachagua mchumba," Eufrasia alimtania. "Hiki je, ukoo wake umeuliza?"

Nyangi alicheka, lakini hakuharakisha. Alikuwa na sababu yake, na Eufrasia aliijua. Msimu uliopita baba yake, Mzee Burito, alitia mchanga ndani ya gunia lake ili liwe zito. Nyangi alikuwa naye pale Bunda gunia lilipomwagwa mbele ya watu wasiowajua, mchanga ukatawanyika sakafuni, baba yake akaambiwa aondoke na pamba yake. Njia nzima ya kurudi hawakusemezana. Jambo hilo Nyangi alimweleza mtu mmoja tu duniani, kisimani, huku akilia hadi kwikwi ikamkaba.

"Naapa, nitazikwa nayo hiyo siri," Eufrasia alikuwa amemwambia, akamfuta machozi kwa ncha ya khanga yake. Tangu siku hiyo Nyangi alimpenda kuliko ndugu wa damu.

Jumatatu moja Mwalimu Stanislausi aliwatangazia habari iliyowasisimua wote. Kiwanda cha kuchambua pamba cha Bunda kilikuwa kimeleta kompyuta ya majaribio, nayo ilikuwa ikifundishwa kutambua rangi ya pamba. Wawili watakaojaza gunia lao kwanza, tena likiwa safi, wataandamana na trekta kwenda Bunda Jumamosi, na gunia lao litafunguliwa kwanza kama mfano wa pamba yote ya shule. Darasa lilipiga makofi. Wakati huo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona kompyuta, na mwanafunzi mmoja, Masatu, alitaka kujua inakula nini.

Jumatano akaja shuleni mtaalamu mwenyewe wa hiyo kompyuta, dada mmoja mrefu aliyeitwa Benedikta, mzaliwa wa Butiama. Alisimamisha kamera ya video juu ya miguu mitatu, akailekeza kwenye maturubai.

"Nataka picha za pamba ikiwa juani na ikiwa kivulini," alisema. "Msiniangalie mimi. Fanyeni kazi kama kawaida yenu."

Mwanzoni kila mtu alijipanga kama anakwenda kupigwa picha ya kipaimara. Baadaye Dada Benedikta akaitwa ofisini kunywa chai, akaiacha kamera ikiendelea yenyewe, na wanafunzi wakaisahau. Jua likapanda, kiu ikawashika. Nyangi akachukua kidumu akaenda kisimani kuwaletea wenzake maji. Aliporudi, gunia lao lililokuwa nusu lilikuwa limejaa hadi karibu na mdomo.

"Umefanyaje?" akauliza kwa mshangao.

"Mikono ya watu wa Kibara hiyo," Eufrasia akajibu akicheka. "Tumezoea kuchambua dagaa. Lete sindano tushone."

Juu kabisa ya gunia kulikuwa na pamba nyeupe, nzuri, isiyo na doa. Nyangi aliitazama akafurahi. Wakaongeza kidogo, wakalishona kwa katani, wakamwita mwalimu. Wao ndio waliokuwa wa kwanza.

Jumamosi walifika Bunda wakiwa wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wamekaa juu ya magunia kwenye tela la trekta. Kiwandani walipokelewa na Bwana Mihayo, mkaguzi wa pamba, mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. Hakutazama pamba ya juu hata kidogo. Alikunja shati, akaingiza mkono ndani ya gunia hadi kwapani, akatoa konzi ya pamba kutoka tumboni mwa gunia. Ghala lilikuwa na giza giza, kwa hiyo aliipeleka mlangoni penye mwanga.

"Mwalimu," alisema, "njoo uone."

Pamba ile ilikuwa ya njano. Bwana Mihayo akalipindua gunia zima sakafuni. Chini kulikuwa na safi, juu kulikuwa na safi, na katikati kulikuwa na fifi tupu, nyingi ya kujaza mabeseni mawili.

"Kama gunia la mfano ndilo hili, sina haja ya kufungua mengine," alisema Bwana Mihayo. "Nitayapokea yote kama fifi."

Mwalimu Stanislausi aligeuka polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nani kati yenu amefanya hivi?"

Nyangi alifungua mdomo kusema kwamba hajui, kwamba lazima kuna kosa, kwamba labda gunia limebadilishwa. Hakuwahi kuimaliza sentensi.

"Ni Nyangi, Mwalimu," Eufrasia alisema haraka, macho yake yakiwa sakafuni. "Mimi nilimkataza, akasema hakuna atakayejua. Kwao ndivyo wanafanyaga. Hata baba yake mwaka jana alitia mchanga kwenye pamba, akafukuzwa hapahapa. Aliniambia mwenyewe."

Dereva wa trekta alisikia. Wapakuzi wawili walisikia. Mmoja wao akaguna, "Aa, yule mzee wa mchanga!" na mwenzake akacheka.

Uongo kuhusu gunia haukumuumiza Nyangi sana, kwani uongo unaweza kukanushwa. Kilichomuumiza ni ule ukweli wa kisimani, alioutoa akilia, kuutazama sasa ukirushwa mbele ya wanaume asiowajua. Na aliyeurusha ni mtu aliyemfuta machozi. Alimwangalia Eufrasia akisubiri ageuke hata mara moja. Eufrasia hakugeuka.

"Ni kweli kuhusu baba yako?" Mwalimu akauliza.

"Ni kweli, Mwalimu." Nyangi alimtazama usoni. "Lakini fifi sikuweka mimi."

Mwalimu Stanislausi alitikisa kichwa. "Nilikuwa nakuamini sana, Nyangi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kiboko. Nyangi aliinama, na machozi aliyokuwa akiyazuia yakadondokea pamba.

Mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa wazi, na Dada Benedikta alikuwa ndani akifanya kazi. Alitoka akifuta mikono. "Shikamoo, Mwalimu. Samahani kuingilia. Jumatano kamera yangu ilikuwa inapiga picha wakati wote nikiwa kwenye chai. Gunia la hawa wasichana limo kwenye picha. Kabla hujamwadhibu mtu, tuangalie."

Waliingia wote. Kompyuta ilikuwa juu ya meza, kubwa, ikivuma, na nje jenereta ilikuwa ikikohoa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kama desturi yake. Dada Benedikta alibonyeza hapa na pale, na kwenye kioo ukaonekana ule ukuta wa darasa la pili, maturubai, na wasichana wawili. Mmoja akanyanyuka akachukua kidumu, akaondoka. Aliyebaki alitazama huku na huku. Kisha akainama, akakumbatia pamba kutoka rundo la pembeni, akaishindilia kwenye gunia, akarudia tena, na tena.

"Huyo aliyebaki ni wewe, Eufrasia," alisema Mwalimu.

"Ndiyo, Mwalimu, lakini nilikuwa naweka safi!" Eufrasia akajibu. "Rundo la safi lilikuwa pembeni. Ona mwenyewe, yote ni sawasawa."

Na kweli, kwenye picha ile marundo yote mawili yalikuwa ya kijivu. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeyafunika, na hakuna jicho lililoweza kuapa lipi ni safi na lipi ni fifi. Hata Bwana Mihayo alisogea karibu, akakunja uso, akashindwa kutofautisha.

"Anachosema kinawezekana," Dada Benedikta akakubali. "Kivuli kinatudanganya sisi, na kilikuwa kinaidanganya kompyuta pia. Nyangi, njoo. Chukua pamba safi kutoka kwenye lile gunia, ishike hapa mbele ya kamera."

Nyangi alijifuta uso akafanya alivyoambiwa. Pembeni mwa kioo zikatokea namba tatu.

"Kompyuta inagawanya picha kuwa nukta ndogo ndogo," Dada Benedikta alieleza. "Kila nukta inaandikiwa namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Pamba nyeupe penye mwanga, namba zote tatu ziko juu. Sasa iingize chini ya meza, kwenye giza. Umeona?"

"Zimeshuka zote," alisema Nyangi.

"Pamba imechafuka?"

"Hapana, Dada. Ni ileile."

"Ndiyo hivyo. Mwezi uliopita kompyuta ilikuwa inaita fifi kila pamba iliyo kivulini. Mpangilio huo wa namba umechanganya mambo mawili, yaani mwanga ulivyo mwingi na rangi yenyewe ilivyo. Kwa hiyo tunazipiga hesabu zile namba tatu na kuzipanga upya. Namba ya kwanza inabeba mwanga peke yake. Mbili zinazobaki zinabeba rangi peke yake. Mpangilio wa namba za namna hiyo tunauita nafasi ya rangi, na huu umetengenezwa makusudi ili kompyuta isibabaishwe na kivuli."

Alibonyeza tena. Namba zikabadilika. Nyangi alitoa pamba juu ya meza, akairudisha gizani. Namba ya kwanza ilipanda na kushuka, lakini zile za rangi zilitikisika kidogo tu zikatulia palepale. Akachukua fifi, akafanya vilevile. Mwangani na gizani, namba za fifi ziliegemea upande wa njano.

"Sasa turudi kwenye picha ya Jumatano," alisema Dada Benedikta. "Nitaondoa mwanga, nibakize rangi tu, tena niikoleze."

Picha ilijichora upya kwa uvivu, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Ukuta ulitokea, lakini kivuli chake hakikuwepo tena. Turubai likatokea. Rundo lililokuwa karibu na mahali alipokaa Nyangi halikuwa na rangi yoyote. Rundo la pembeni lilikuwa la njano kabisa, na mikononi mwa Eufrasia, kifuani pake na kwenye mdomo wa gunia, kote kulikuwa na njano ileile.

Eufrasia alikitazama kioo, kisha akaketi chini palepale sakafuni.

"Nilitaka kuja Bunda," alisema. "Jumamosi mama anakujaga sokoni na dagaa. Sijamwona tangu Krismasi. Nikaona wenzetu wanatutangulia, na Nyangi anachagua polepole."

"Ungeniambia," alisema Nyangi. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu gunia lilipopinduliwa. "Ningechagua usiku na mchana ili umwone mama yako. Mimi nilikuambia la baba yangu, wewe ukashindwa kuniambia la mama yako?"

Eufrasia alilia kwa sauti. Nyangi hakumfuta machozi.

Mwalimu Stanislausi alivua kofia yake. "Nyangi, nimekosea," alisema mbele ya wote. "Nilitakiwa kuuliza habari za gunia, nikauliza habari za baba yako, na jibu lake likanitosha. Nisamehe, mwanangu."

Bwana Mihayo alikohoa. Aliingiza mkono wake mrefu kwenye magunia mengine ya shule, moja baada ya jingine, na kila mara akatoka na pamba nyeupe. "Haya ni safi, nayapokea," alisema. "Hili la mfano lichaguliwe upya hapa mlangoni kabla sijafunga ghala. Na hiyo fifi mnaificha ya nini? Fifi nayo tunanunua, ina bei yake. Ukiileta kama fifi, hakuna atakayekugombeza."

Wasichana wawili walikaa mlangoni mwa ghala wakachagua. Eufrasia aliomba msamaha mara nyingi, na Nyangi alisikia kila mara. Walipomaliza, Mwalimu aliwapeleka sokoni. Mama yake Eufrasia alipomwona binti yake aliacha dagaa wake wazi akamkimbilia. Eufrasia akamweleza yote palepale, bila kujitetea. Mama huyo alimshika Nyangi mikono yote miwili.

Jioni Nyangi alimkuta baba yake akitia jembe mpini mpya. Alimwamkia, akamweleza kila kitu, pamoja na kile kicheko cha wapakuzi. "Mimi ndiye niliyemwambia, baba. Siri yako imetoka kwangu."

Mzee Burito aliendelea kugonga mpini. Kisha akaacha. "Tangu lini umekuwa ukiibeba?"

"Tangu siku ile."

"Peke yako na huyo mwenzako." Akauweka mpini chini. "Nenda ukale, mwanangu."

Jumatatu wanafunzi walipokuwa mstarini, Mzee Burito aliingia uwanjani amevaa shati lake la kanisani. Alizungumza na Mwalimu Stanislausi kwa sauti ya chini, kisha akasimama mbele ya shule nzima. Nyangi alitamani ardhi immeze.

"Mnanijua," alianza. "Mwaka jana nilitia mchanga kwenye pamba yangu. Nilifukuzwa Bunda, na nilistahili. Nasema mimi mwenyewe ili asiwepo mtu wa kumnong'onezea binti yangu jambo hilo tena. Yeye hakutia mchanga, na hakutia fifi." Minong'ono ilipita mistarini, akasubiri iishe. "Pamba iliyochanganywa unaweza kuimwaga ukaichagua upya, na mchana mmoja unatosha. Mtu aliyekuamini ukamgeuka, hiyo ni kazi nyingine. Nimejifunza hivyo kwa mtoto wangu, aliyenyamaza mwaka mzima kwa aibu yangu. Fanyeni kazi yenu kwa haki hata kama hakuna anayeangalia. Na mwenzako akikupa neno lake ulitunze, ulitunze kweli."

Mabati yalifika kabla ya mvua za vuli, na darasa la pili likatoka kanisani, likarudi chumbani kwake.

Lakini Jumatatu ileile, baada ya uji, Nyangi alitandaza turubai lake nyuma ya ukuta. Eufrasia alikuja akasimama pembeni, mikono nyuma.

"Naweza kukaa?" aliuliza.

Nyangi alisogeza kikapu, nafasi ikapatikana. "Kaa," alisema. "Lakini leo kila mtu na gunia lake."

Eufrasia aliketi. Akachukua kipande cha pamba, akakigeuza pande zote, kisha akainuka akakipeleka juani kukitazama vizuri kabla ya kuamua kiende wapi.